Skrini ya Dashibodi Inapogoma Kupanda: Ifungue na Uitengeneze Kabla ya Kununua Nyingine

Mwenye gari, mama mmoja wa Njiro hapa Arusha, hakuniambia kwamba skrini imekufa. Aliniambia hivi: "Fundi, nikiwasha swichi kuna mtu anatafuna karanga ndani ya dashibodi." Gari lilikuwa Volvo XC90 ya kizazi cha kwanza, lile umbo lililotoka kuanzia 2002 hadi 2014, ambalo skrini ya ramani imelala juu ya dashibodi na inainuka yenyewe ikiitwa. Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshaambiwa mahali pengine aagize skrini nzima kutoka nje. Nilipofungua nilikuta kilichokufa ni kigia cha plastiki kidogo kuliko punje ya harage. Kilikuwa kimepasuka upande mmoja, basi.

Toka siku hiyo nimefungua nyingi, na hadithi huwa ni hiyohiyo isipokuwa mara chache. Mwongozo huu nauandika kwa kufuata XC90 kwa sababu ndiyo ninayoijua vizuri. Ila mwenye Volvo S60 au V70 ya miaka hiyo, Audi A8 iliyotoka 2002 au Audi A6 ya 2011 hadi 2018 atakuta mambo yanayofanana: mota ndogo, gia za plastiki, mikono miwili ya kuinua, na utepe wa nyaya unaokunjwa kila siku.

Sikiliza kabla ya kushika bisibisi

Ingia garini asubuhi kukiwa kimya. Zima redio, zima feni, funga milango. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha ita skrini kwa vitufe vyake. Kwenye Volvo vitufe hivyo vimejificha nyuma ya usukani, na nimewahi kukutana na mtu aliyemiliki gari miaka mitatu bila kujua vipo.

Ukisikia mota inazunguka kwa mlio mwembamba, haraka, kama haijabeba kitu, na skrini haitingishiki, hiyo ni gia ya kwanza. Imepasuka na inateleza kwenye shafti ya mota. Ukisikia tak-tak-tak, zile karanga za mama wa Njiro, meno yanarukana: ama mengine yameliwa, ama kigia kimepasuka lakini bado kinashika kidogo. Ikipanda hadi nusu kisha ikarudi, mashine inahisi uzito isioutegemea na inajiokoa. Hapo fikiria vumbi, grisi iliyokauka, sarafu au kadi ya benki iliyodondokea humo, au betri iliyochoka.

Kimya kabisa ndicho kigumu zaidi, nitakirudia. Na kama inapanda vizuri lakini ni nyeusi, au ina mistari, au picha inakuja na kupotea skrini ikiwa katikati ya safari yake, gia hazina kosa. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya utepe.

Wakati wote huo usiivute kwa mkono. Naona watu wanaingiza kucha pembeni na kuinua "kuisaidia". Mashine nyingi za aina hii zina gia ya mfano wa uzi wa skrubu: mota inaweza kuizungusha gia, lakini gia haiwezi kuirudisha mota. Ukilazimisha kwa mkono, nguvu yako yote inaishia kwenye meno ya plastiki yenye umri wa miaka ishirini.

Umeme kwanza, kwa sababu ni bure

Betri ya XC90 hii haipo chini ya boneti. Ipo kwenye buti, chini ya sakafu. Pima gari likiwa limelala kwa saa kadhaa: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imeshapungua karibu nusu. Chini ya hapo, ichaji kwanza ndiyo uendelee kulaumu skrini. Injini ikiwaka unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Magari haya yana kompyuta nyingi, na umeme ukipungua yanaanza kuacha vitu vya starehe kimoja kimoja.

Fyuzi usiziangalie kwa macho tu. Weka mita upande mmoja, kisha upande wa pili, swichi ikiwa imewashwa. Pande zote mbili zikionyesha volti 12 na ushei, fyuzi ni nzima. Kuna fyuzi zenye ufa usioonekana.

Sasa ile kimya. Skrini yenyewe haina akili nyingi. Inasubiri kompyuta ya ramani, ambayo imefichwa mbali na dashibodi, iiambie "panda". Na agizo hilo halitumwi mara moja. Linatumwa mfululizo, na likikatika skrini inajikunja. Kwa hiyo kompyuta ikifa, au waya wake ukitafunwa na panya (na kwa magari yanayolala nje Arusha panya si utani), skrini nzima kabisa itabaki imelala kama maiti. Angalia kama kompyuta inapata umeme, sikiliza kama diski inazunguka ndani yake, chomoa soketi zake uone kama zimeingia kutu ya kijani. Kama una mtu mwenye mashine ya kusomea hitilafu za Volvo, mwambie alisome gari kabla hujafungua chochote. Nusu saa ya kusoma inaweza kukuokolea siku nzima ya kufungua dashibodi isiyo na kosa.

Kwa waliochukua magari yao Japani: ramani ni ya Japani, maandishi ni ya Kijapani, na gari halitakuja kuijua Sakina wala Ngarenaro. Hilo si ubovu. Watu huniuliza kama kuna haja ya kuitengeneza basi, maana ramani wanatumia ya simu. Jibu langu ni kwamba ukiwa umeunganisha kamera ya rivasi humo, ndiyo. Kama hujaunganisha, na inakaa imelala bila kelele, hata mimi ningechomoa fyuzi nikaendelea na maisha.

Vya kuandaa

Bisibisi za nyota, hasa T20 na T25, na zile ndogo za saa. Kipande cha plastiki ngumu cha kubanjulia. Mimi nimechonga mpini wa mswaki na unafanya kazi kuliko vya dukani. Mita ya umeme. Betri nne za tochi ndani ya kishikilia chake, ambazo zikipangwa mfululizo zinakupa volti 6. Kalipa ya kupimia, hata ya bei nafuu. Spiriti safi ya asilimia 99 na vijiti vya pamba. Grisi nyeupe ya silikoni inayofaa plastiki. Kanga ya kufunika viti. Na trei ya mayai: kila skrubu unayotoa inaingia kwenye shimo lake kwa mpangilio uliotolea, ukirudisha unaanza na shimo la mwisho. Nimeona mafundi wazoefu wakibaki na skrubu tatu mkononi na dashibodi imefungwa.

Kufungua

Kazi hii ifanye saa sita mchana. Si mzaha. Julai na Agosti, asubuhi ya Arusha, plastiki ya dashibodi inakuwa ngumu na klipu zake zinavunjika kama biskuti. Egesha gari juani saa nzima, plastiki ilainike. Wa Moshi nyie hamna shida hiyo. Shida yenu ni kinyume chake, gari lisiive mno mpaka gundi ianze kuachia.

Zima swichi, toa ufunguo, chomoa waya hasi wa betri kule kwenye buti. Usiubanie mlango wa buti ukafunga kabla hujafikiria utaufunguaje tena bila umeme. Kisha kaa dakika kumi. Mfuko wa hewa wa abiria upo jirani na unapofanyia kazi, na mfumo wake hubaki na chaji kwa muda. Soketi zake aghalabu ni za njano. Hizo usizichomoe, usizipime, usiziguse. Na usiwashe swichi hata kidogo kitu chochote cha mfumo huo kikiwa kimechomoka, la sivyo utawasha taa ya onyo ambayo haizimiki bila mashine.

Anza na wavu wa spika ya katikati juu ya dashibodi. Ingiza kipande chako cha plastiki pembeni, inua taratibu, sikia klipu ikiachia, sogea kwenye inayofuata. Kama haiachii, kuna skrubu hujaiona. Kanuni yangu ni hiyo kila mahali: plastiki ikikataa, tafuta skrubu, usiongeze nguvu. Chini ya wavu utaona skrubu zinazoshika boksi la skrini. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua, na picha nyingine baada yake. Toa skrubu, inua boksi kidogo, geuza, chomoa soketi za nyuma kwa kubonyeza ulimi wake. Usivute waya. Boksi likitoka, lifunge kwenye kanga na ulipeleke mezani.

Wenye Audi: nyuma ya vifaa vyenu mnaweza kukuta waya mwembamba unaopitisha mwanga badala ya umeme. Usiukunje kwa kona kali na usiuache mdomo wake wazi upate vumbi. Ukivunjika, redio na ramani na sauti vinaweza kunyamaza vyote kwa pamoja.

Mezani

Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kushika ubao wa umeme, hasa kiangazi ambapo nguo zinapiga shoti ndogo ndogo. Fungua kifuniko. Kitu cha kwanza utakachoona ni vumbi. Vumbi letu ni laini kama unga wa muhogo, na gari linalokwenda Longido au mashambani huko linalimeza kwa miaka. Likichanganyika na grisi ya kiwandani linakuwa kama msasa wa maji. Litoe kwa brashi laini ya rangi, si kwa upepo wa kompresa ya gereji, kwa sababu ule upepo huja na maji na mafuta.

Kabla ya kutoa gia yoyote, chukua kalamu ya wino usiofutika, weka nukta kwenye jino na nukta nyingine kwenye jino la jirani yake, kwa kila jozi, kushoto na kulia. Skrini inainuliwa na mikono miwili. Ukirudisha mkono mmoja ukiwa umepitana jino moja na mwenzake, itapanda imepinda kama meza ya kijiweni, itakwama, na utavunja ulichotoka kutengeneza.

Toa mota. Chomoa waya zake, ziguse kwenye zile betri nne. Inazunguka? Geuza waya, inazunguka upande wa pili? Mota ni nzima. Kwa kweli mota hizi hazifi ovyo. Mgonjwa ni kile kigia kilichosukumiwa kwa nguvu kwenye shafti yake. Kiwandani plastiki imetanuliwa kidogo ili ibane chuma, na imekaa imetanuka hivyo miaka yote, joto na baridi, mpaka siku moja inaachia. Kishike kwenye mwanga, kizungushe: utaona ufa umeshuka kati ya meno mawili, na nafasi ya hapo imekuwa pana kuliko nyingine. Ndiyo maana kila kikizunguka kinapiga tak mara moja.

Najua unachofikiria. Hapana, usikigundishe. Plastiki hizi zina ulaini wa asili kama wa nta na gundi haizishiki sawasawa. Na hata ikishika, ufa umeshatanua nafasi kati ya meno, kwa hiyo kitaendelea kuruka. Kibaya zaidi, gundi ile ya haraka inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe. Nimepokea skrini iliyokuwa na kigia kilichopakwa gundi na kioo kilichokuwa na ukungu kwa ndani, na mteja alikuwa ameshalipia vyote viwili.

Kutafuta kigia kingine

Hapa ndipo watu wanakata tamaa, wakati ndipo penye utamu. Gia haina jina la gari. Ina meno, ina kipenyo, ina tundu, na namba moja inayoonyesha ukubwa wa jino, inayoitwa moduli. Gia mbili zenye moduli moja kwa kawaida zitaumana hata kama moja imetoka kwenye Volvo na nyingine kwenye printa.

Hesabu meno. Pima kipenyo cha nje kwa kalipa, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la ng'ambo. Kisha gawanya kipenyo kwa meno jumlisha mbili. Mfano: meno 10, kipenyo milimita 6. Sita kugawa kwa 12 ni 0.5. Hiyo ndiyo moduli. Kwa kuwa kigia chako kimepasuka na kipimo chake kimetanuka, usikiamini peke yake. Pima na gia kubwa inayoumana nayo. Ikiwa ina meno 40 na kipenyo cha milimita 21, basi 21 kugawa kwa 42 ni 0.5 tena. Zimekubaliana. Pima pia unene wa shafti ya mota na urefu wa kigia.

Ukiwa na namba hizo nne nenda kwa mafundi wa redio na printa. Printa za zamani, redio za kaseti, na magari ya watoto ya betri yaliyokufa yana hazina ya vigia vya 0.5. Unaweza pia kuagiza Dar pakiti yenye vigia vya saizi mbalimbali, kikaja na basi la usiku ukakipokea asubuhi stendi. Tundu liwe dogo kuliko shafti kwa kiasi kidogo sana: shafti ya milimita 2 inataka tundu la 1.95 au 1.9. Kisukume kwa kubana polepole kwenye jiliwa, ukiwa umeegemeza shafti upande wa pili. Ukikigonga kwa nyundo nguvu zote zinakwenda kwenye mota.

Wengine wanasema weka cha shaba, uwe umemaliza. Kwenye shafti ya mota nakubali. Cha shaba hakipasuki. Lakini gia kubwa zinazofuata usizibadilishe kuwa chuma hata ukizipata. Siku mtoto atakapoishika skrini inayoinuka, lazima kitu kikubali kushindwa, na ni heri gia ya plastiki kuliko mota au mkono wa kuinulia.

Utepe wa nyaya

Utepe ni ile karatasi ya plastiki yenye mistari ya shaba, inayopeleka picha kwenye kioo. Inakunjwa kila skrini inapopanda na kushuka. Angalia pale penye mkunjo: ukiona mstari mweupe au shaba imekatika, dawa ni utepe mpya wenye idadi ileile ya mistari, nafasi ileile kati yake, na urefu uleule. Kuuchomelea kwa risasi pale unapokunjika ni kujidanganya, utadumu wiki.

Lakini mara nyingi haujakatika, umelegea tu. Soketi yake ina kufuli dogo jembamba, la kuinua au la kuvuta kutegemea soketi. Lifungue kwa ukucha, toa utepe, safisha ncha zake kwa spiriti, subiri ikauke, rudisha ukiwa umenyooka kabisa, funga kufuli. Spiriti isiguse uso wa kioo chenyewe. Kioo kinatosha kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji.

Ukiwa humo, tafuta swichi ndogo mbili: moja inaiambia mashine skrini imefika juu, nyingine imefika chini. Zikichafuka, skrini inafika lakini mota haijui, inaendelea kusukuma. Tone la spiriti, zibonyeze mara ishirini, pima kwa mita kama zinafungua na kufunga.

Grisi na kurudisha

Futa grisi ya zamani yote. Weka mpya kwa kijiti cha meno, kidogo kiasi kwamba uone jino linang'aa tu. Grisi ya beringi hapana, dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu hapana kabisa: inatiririka mpaka kwenye swichi, inanata vumbi, na plastiki nyingine inazidhoofisha.

Rudisha gia nukta kwa nukta. Kabla ya kufunga kifuniko, zungusha mota kwa zile betri nne, skrini ipande na kushuka mezani. Volti 6 zinaipandisha taratibu, na utaona kama mkono mmoja unachelewa. Achia kabla haijagonga mwisho, maana hapa hakuna kompyuta ya kuisimamisha.

Peleka garini, chomeka soketi, lakini usikaze skrubu zote wala kurudisha wavu. Rudisha waya wa betri, washa swichi, ita skrini. Mara kumi mfululizo, ukipumzisha kidogo katikati. Tia rivasi uone kamera. Kisha zima swichi, funga kila kitu, ufuate trei yako ya mayai kutoka mwisho kwenda mwanzo, ukamalizie na kuweka saa sawa. Zunguka nalo kwenye barabara yenye mashimo, hazikosekani, usikie kama kuna kinachogongana. Kikigongana, ni klipu ya wavu haijaingia.

Kigia kilichopasuka usikitupe. Kitie kwenye kiboksi cha kiberiti na uandike juu yake idadi ya meno, kipenyo, unene wa shafti na aina ya gari. XC90 ya pili ilipokuja kwangu, kutoka Usa River, na karanga zake zilezile, nilichukua kiboksi cha mama wa Njiro, nikasoma vipimo vyake, na kigia kipya kilikuwa mkononi kabla sijatoa hata skrubu moja.